Chungu cha Watu Wawili

Ezbet Barawi, ukingoni mwa ziwa Burullus
3 Septemba

Mwanangu Raghda,

Kabla hujasoma neno jingine, nenda kafungue kapu, maana Galal amelibeba kwenye lori la samaki na najua barafu yake inavyovuja. Bata ni wawili, wamekaangwa kwa samli. Chungu kikubwa ni wali wa maziwa, ule anaoupenda Hatem. Nimeuacha kwenye tanuri mpaka ukashika ukoko mweusi chini. Mwambie mumeo ukoko ni wake peke yake, akwangue kwa kile kisu chake kama kawaida, wala asione haya. Mkwe anayekwangua chungu changu hivyo, huyo nimemzaa mimi.

Haya, sasa nijibu. Jana Sabah, mke wa kaka yako Ashraf, amerudi kutoka kwa shangazi yake na habari kwamba kazi yako mpya huko Kairo ni kuhesabu mashuzi ya nyati. Ameniambia mbele za watu, kwenye foleni ya mkate! Nikamwambia, "Binti yangu ana shahada mbili, hawezi kupewa kazi ya namna hiyo." Akasema, "Basi muulize mwenyewe, Mama." Kwa hiyo nakuuliza. Kama ni kweli, Warda, nyati wetu wa maziwa, anakusalimu na yuko tayari kuhesabiwa. Leo asubuhi nimemkamua, na nakuhakikishia hakuna mtu wa serikali atakayemkaribia kuliko nilivyomkaribia mimi.

Usinijibu kwa simu. Simu anaipokea Sabah, na kabla sijafika mlangoni kijiji kizima kimeshajua. Isitoshe, herufi hizi ulinifundisha wewe, pale kwenye meza ya jikoni, na ulinichapa vidole kwa rula nilipokosea. Ulikuwa msichana mdogo mwenye roho ya askari. Sasa zisome.

Mama yako,
Itidal


Shubra, Kairo
11 Septemba

Mama yangu,

Kapu limefika salama na barafu haikuingia. Hatem anakushukuru mno. Ameukwangua ukoko mpaka nikaogopa atatoboa chungu. Majani ya chai na halawa utakayoikuta ndani ya chungu amechagua yeye.

Mwambie Sabah amekosea. Si mashuzi. Nyati hatoi gesi hiyo nyuma, anaitoa mdomoni anapocheua na kubeua. Mweleze hivyo hivyo kwenye foleni ya mkate, kwa sauti.

Kazi yenyewe ni hii. Nchi yetu inataka kujua chakula chake chote kinatoa kiasi gani cha gesi zinazoipasha dunia joto, tangu shambani mpaka kinapoishia. Tumegawana. Mwenzangu mmoja ana mashamba na mifugo. Mwingine ana malori, majokofu na ngano inayovuka bahari kuja kwetu. Mwingine ana viwanda vya mikate. Mimi bosi wetu, Daktari Lamis, amenipa mwisho wa safari: majumbani. Kinachopikwa kisiliwe, kikatupwa, kikaenda jaani.

Chukua chungu chako hicho. Mpunga wake umesimama kwenye maji majira yote ya joto, na tope la chini lisilopata hewa limekuwa likitoa vipovu vya gesi. Maziwa ni ya Warda, naye tumeshamtaja. Tanuri limekula mabua. Galal amechoma dizeli kutoka ziwani mpaka hapa Shubra. Kila hatua imepandisha kitu angani. Wali ukiliwa, sawa, mtu ameshiba na gesi ile ilikuwa na kazi. Usipoliwa, yote hayo yamekwenda bure, tena ukioza jaani unatoa gesi ileile ya tope la mpunga, kwa mara ya pili.

Umeona? Wewe na mimi tunafanya kazi moja. Wewe uko mwanzo wa kamba, mimi niko mwisho.

Jihurumie mgongo wako. Waache vijana wavune.

Binti yako,
Raghda


Ezbet Barawi
25 Septemba

Daktari wetu wa mbeuo,

Barua yako nimemsomea Warda. Alinitazama, akacheua, akabeua kwa makusudi kabisa. Andika hiyo moja.

Nilipomweleza Sabah kwenye foleni kwamba ni mdomoni wala si nyuma, mwuza mkate alicheka mpaka akasahau zamu za watu. Sasa kila ninapopita mtu ananiuliza, "Umm Ashraf, nyati amebeua mara ngapi leo?" Umenipa umaarufu uzeeni.

Lakini usidhani mimi sikuelewa ulichoandika. Nimeelewa. Mtu wa kilimo alikuja na mkoba wake akatuambia mambo hayohayo, kwamba mpunga tuumwagilie kisha tuuache ukauke kidogo, tena tuumwagilie. Nikamwambia, "Bwana mdogo, hapa chini ya udongo kuna chumvi ya ziwa inangoja. Nikikausha shamba inapanda juu kunisalimia." Hakunibishia, kaandika. Muungwana yule. Pia ametuomba tusichome mabua baada ya kuvuna, kwa sababu moshi unakuja kwenu. Nimemwahidi nitayakata niwape ng'ombe wa Ashraf, na ahadi yangu unaijua.

Chungu kimerudi safi sana. Nashukuru kwa halawa. Ilikuwa na pistachio ndani. Sikujua kama siku hizi Hatem ameanza kupenda pistachio.

Kwa kuwa mmenitumia halawa, nami siwezi kukaa mikono mitupu. Nimeongeza njiwa, wamejazwa ngano, na jibini ya mtungini, na mikate ya samli ya matabaka. Wali wa maziwa umo kama kawaida, chungu kilekile. Mle nyote wawili mshibe.

Mwanangu, hamjambo? Nauliza kwa sababu barua yako ilikuwa ndefu juu ya nyati na fupi juu yako.

Mama yako,
Itidal


Shubra
9 Oktoba

Mama,

Naandika barua hii baada ya kuvua viatu nje ya mlango, kwa sababu vinanuka. Leo Daktari Lamis ametupeleka jaani. Nilidhani najua jaa ni nini. Nimesoma juu yake miaka mingi, nimechora michoro yake. Lakini sikuwahi kusimama juu yake.

Ardhi ile ina joto, Mama. Unaweka mkono juu ya takataka na unahisi joto linatoka ndani, kama la tanuri ulilolizima jana. Ni chakula kinachooza. Wafanyakazi walitufungulia mifuko ili tupime. Tulikuta mkate mzima mzima. Tulikuta sinia la mahashi, majani ya kabichi yaliyojazwa wali, bado yamefungwa kwa mpangilio, mtu amekaa nusu ya siku anayakunja. Kuku ambaye hajaguswa. Mwenzangu alisema, "Watu hawana adabu." Mimi nikaendelea kupima.

Kisha ukafunguliwa mfuko mmoja na mna wali wa maziwa. Umekauka, umeshika umbo la chungu. Haukuwa wako. Najua haukuwa wako. Lakini nilikwenda nyuma ya gari nikatapika, na dereva akadhani ni harufu.

Mama, sikiliza maneno haya kwa upole. Usitume kapu tena. Chakula ni kingi mno. Hatumalizi. Bawabu wetu, Amm Bishr, nilikuwa nampa sehemu, lakini amekwenda kwao Sohag na familia yake tangu kiangazi, na majirani hapa kila mmoja ana mama yake anayemtumia kapu. Mimi ninayehesabu chakula kinachotupwa nchini, nyumba yangu ni miongoni mwa zinazotupa zaidi. Siwezi kuendelea hivyo.

Chungu nakirudisha. Utaona hakina kitu ndani, na nakuomba unielewe. Nimefikiria sana. Kila nikirudisha halawa wewe unaongeza njiwa, nikirudisha chai unaongeza jibini. Lazima mmoja wetu asimame, na nimeona nianze mimi.

Nakupenda.

Raghda


Ezbet Barawi
16 Oktoba

Raghda,

Chungu kimefika. Galal alinikabidhi mbele ya Sabah na wanawake waliokuwa wanachambua mchele uani. Nilifunua kifuniko. Wote waliona.

Wewe umezaliwa hapa. Unajua chombo kitupu hurudishwa na nani. Hurudishwa na watu waliomalizana. Dada yangu Saniyya alipoachwa na mchumba wake, hawakumtuma mtu kuja kusema. Walirudisha sinia tupu, likawekwa mlangoni, na bibi yako akaelewa. Hata chumvi tu ungeweka. Hata kitunguu kimoja.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikafika kwenye jaa, nikafika kwenye joto la ardhi. Nimeelewa kwamba mpunga wangu ni gesi, maziwa yangu ni gesi, na mkono wangu ni wa kuchafua dunia. Vizuri. Nilikuwa nangoja jambo moja tu kutoka kwako, miezi mingi nangoja, na badala yake nimeletewa hesabu.

Yale mabua niliyomwahidi mtu wa kilimo kwamba sitayachoma, jana nimeyachoma. Yote. Nilisimama pale nikayatazama mpaka yakaisha. Ukinusa moshi huko Shubra, ujue ni mimi. Uuandike na huo.

Itidal binti Shahata,
mkulima wa gesi


Shubra
24 Oktoba

Mama,

Moshi umefika. Asubuhi tulipofungua madirisha ya ofisi mji ulikuwa wa kijivu, na Daktari Lamis akasema, "Wameanza huko mkoani." Nikaangalia chini.

Nilipiga simu mara kadhaa. Sabah anasema uko shambani, uko msikitini, umelala. Saa nne asubuhi umelala? Wewe?

Sikumaanisha ulivyoelewa. Nilikuwa najaribu kufanya jambo sahihi na nimelifanya kama mpumbavu. Nilikwenda na hesabu yangu kichwani nikasahau mimi ni mtoto wa nani. Galal ameleta samaki leo, nikampa kapu lenye sabuni ya zeituni, chai, ndimu kavu, na shali ya sufu kwa ajili ya baridi. Amekataa kulibeba. Amesema, "Dada Raghda, nisamehe, Mama amesema kutoka kwako nisipokee hata kijiti." Kapu liko hapa mlangoni.

Barua hii ameipokea kwa sababu nilimwambia ni karatasi tu.

Raghda


Shubra
13 Novemba

Mama,

Hukujibu, na huenda hata hii hutaisoma. Nitaiandika hivyo hivyo.

Jana nilimuuliza Galal habari zako. Akasema, "Mama hajambo. Lakini tanuri lake halitoi moshi siku hizi." Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Kama hupiki, kosa ni langu, na kosa lenyewe si lile unalolidhani.

Hatem hayupo. Ameondoka tangu mwezi wa nne, baada ya Idi. Hakukuwa na matusi wala mkono juu ya mtu. Tulichoka. Unajua tulivyozunguka kwa madaktari tukitafuta mtoto, na kila daktari alituacha tumepungua kidogo. Siku moja alisema, "Raghda, sisi siku hizi tunaongea habari za dawa tu," na nilipotafuta habari nyingine ya kumwambia sikuiona. Tulikwenda kwa mwandikishaji wa ndoa, tukatalikiana, tukatoka, akanisimamishia teksi. Sasa anafanya kazi Ismailia. Alinitakia heri na nadhani alimaanisha.

Sikukwambia. Kwanza nilisema nitakwambia Galal akija safari ijayo. Safari ijayo ikaja na chungu, na barua yako inasema ukoko ni wa Hatem peke yake. Ningekujibu nini? Nikaandika kwamba ameukwangua. Baada ya kuandika mara moja, ya pili ilikuwa rahisi. Halawa nilinunua mimi. Chai nilinunua mimi.

Na kapu likaendelea kuja, la watu wawili, la watu wanne. Nilikuwa nakaa mezani na bata mbele yangu, nakula kidogo upande wangu kama vile upande wa pili una mwenyewe. Kinachobaki nilimpa Amm Bishr, na Amm Bishr alipoondoka nilikiweka kwenye jokofu mpaka kikaharibika, kisha nikakitoa alfajiri ili majirani wasinione. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nakuficha. Mpunga wako haunitii aibu, Mama. Warda hanitii aibu. Nilijionea aibu mimi, na nilipofika jaani ikanizidi.

Wiki iliyopita nilitoa taarifa yangu ya majumbani. Nilionyesha kiasi gani kinatupwa, chakula gani, msimu gani. Daktari Lamis akauliza, "Sawa, lakini kwa nini? Watu hawa si matajiri. Kwa nini wanapika wasichokula?" Watu wote walinigeukia. Nilikuwa nalijua jibu, nikasema bado tunachunguza.

Nisamehe. Si kwa talaka. Kwa talaka sijui nani amsamehe nani. Nisamehe kwa kukuacha usimame kwenye joto la tanuri ukimpikia mtu ambaye hayupo.

Binti yako,
Raghda


Ezbet Barawi
20 Novemba

Raghda, mtoto wangu,

Kaa chini kwanza.

Nilijua.

Nimejua tangu mwezi wa tano. Hukuniambia wewe wala hakuniambia Sabah, maana angejua Sabah ningelisikia kwenye foleni ya mkate. Nimeambiwa na chungu. Miaka yote mliyooana, chungu kile kilikuwa kinarudi na alama za kisu chini. Mumeo alikuwa hakwangui, alikuwa anachimba. Nilimtukana moyoni kila nilipokiosha, na nilimpenda kila nilipokiosha. Kisha chungu kikaanza kurudi laini. Kilikuwa kimelowekwa maji, ukoko umelainika ukamwagwa. Mwanamke aliyechoka huloweka chungu. Safari ya kwanza nikasema labda Hatem anaumwa. Ya pili nikasema labda yuko safarini. Ya tatu sikujiambia kitu.

Uliponiandikia kwamba amekwangua mpaka ukaogopa atakitoboa, nilikipeleka juani nikakigeuza. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Nilikaa nacho mapajani pale uani, na Ashraf aliponiuliza nina nini nikamwambia jicho limeingia vumbi.

Sasa utaniuliza, kama ulijua, kwa nini uliendelea kupika cha watu wawili? Hapo ndipo na mimi nina la kujibu. Nilifikiri hivi: nikituma paja moja la bata na kibakuli kimoja, atajua kwamba nimejua. Itakuwa kama nimemvua nguo kwa mbali. Mwache aniambie mwenyewe, siku moyo wake ukikubali. Basi nikampikia Hatem. Nilipoona huniambii, nikaongeza. Nikasema labda anadhani nina shaka, ngoja nimwonyeshe sina shaka. Njiwa wale, unawakumbuka? Njiwa wale walikuwa uongo wangu.

Na ulipotuma chungu kitupu nilisema, haya, mume amekwenda, na sasa ananifungia na mimi mlango, atabaki na nani? Ndiyo hasira uliyoiona. Nilikuwa nakuogopea nikashindwa kuandika hivyo, nikachoma mabua. Mtu wa kilimo amekuja, ametazama shamba jeusi, ametazama uso wangu, akaniambia tu, "Hajja, mwakani." Nimemwahidi tena. Safari hii nitatimiza.

Nimekaa na barua yako nikafikiri kama ulivyonifundisha, tangu mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Wewe ulitupa chakula kwa sababu ya kunionea haya. Mimi nilikipika kwa sababu ya kukuonea haya. Mpunga ukasimama majini, Warda akabeua, Galal akachoma dizeli yake kwenda na kurudi, na jaa lile likapata joto lake, kwa ajili ya haya zetu sisi wawili. Mwambie daktari wenu. Kama anataka kujua kwa nini watu wanapika wasichokula, hiyo ni sababu moja, na si ajabu kuna nyumba nyingine nyingi ambazo mtu ameondoka na bado anapakuliwa.

Jumanne nilikwenda sokoni kwa mfinyanzi. Nikamwambia nataka chungu cha wali wa maziwa, lakini kidogo. Akanipa cha kati. Nikasema kidogo kuliko hicho. Akacheka: "Hajja, hiki ni cha kuchezea watoto?" Nikamwambia, "Ni cha binti yangu. Anakula peke yake." Nimelisema hivyo, sokoni, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida. Sikufa. Nikaona nikwambie kwamba linasemeka.

Kimo ndani ya kapu. Na paja moja la bata. Basi. Tanuri nimelishangaza, limewashwa kwa ajili ya kitu kidogo hivyo.

Shali nipe. Baridi imeanza.

Mama yako,
Itidal


Shubra
27 Novemba

Mama,

Galal alinikabidhi kapu akasema, "Dada, leo ni jepesi, sijui wamesahau nini." Nikamwambia hawakusahau kitu.

Nilipoliinua lile kapu nililia pale barabarani, kwa wepesi wake. Mama wa kwenye duka la mboga akatoka kuniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna, mama yangu amenipikia.

Leo ofisini nilimwambia Daktari Lamis ninajua kwa nini. Nikamweleza kwamba baadhi ya chakula kinachotupwa kimepikiwa watu ambao hawapo tena mezani, na kwamba nyumba inachelewa kukubali. Akaniuliza, "Ushahidi wako uko wapi?" Nikasema ninao, ni chungu, lakini hakiingii kwenye jedwali. Akasema mama yake bado humpikia marehemu baba yake bamia kila Ijumaa. Sentensi yangu ya kueleza hivyo ameiacha ibaki kwenye taarifa. Fupi, chini ya ukurasa, lakini ipo. Sasa tutaona kama mtu ataisoma.

Nimekaa mezani nikala chote. Paja, wali, na ile ngozi ya juu ya maziwa. Kisha nikafungua droo. Hatem alikisahau kisu chake, au alikiacha, sijui. Nikakwangua ukoko mwenyewe. Mkono wangu si hodari kama wake na nimekichubua vibaya chungu chako kipya, utaona. Sikujua ukoko ni mtamu hivyo. Miaka yote nilikuwa namwachia.

Nimemaliza, Mama, na bado nina njaa.

Chungu sitamkabidhi Galal. Nimeomba ruhusa, nakileta mwenyewe Alhamisi pamoja na shali. Na ndani hakitakuwa na kitu, usikasirike. Nataka nikufikishie kitupu mkononi, mbele ya Sabah na mbele ya kila mtu, unijazie nikikuangalia.

Raghda